Umekosea Namba, Mwanangu

Ilikuwa saa nane usiku, wiki ya tatu tangu dada wa kazi aondoke, binti yangu alipoamka na homa. Nilisikia kitanda chake kikilia, kisha nyayo zake sakafuni, nikajisogeza upande wa baba yake ili nimpe nafasi, kwa kuwa chumba chetu ndicho cha kwanza kwenye korido na mtoto anayeumwa usiku huja kwa mama yake. Hakuja. Nyayo zilipita mlangoni petu, zikaendelea hadi mwisho wa korido, zikakoma kwenye kile chumba kidogo kilicho karibu na jiko, ambacho siku hizi kina ndoo mbili, pasi na godoro lililokunjwa.

Nilimkuta amekaa gizani juu ya godoro hilo, amejifunika khanga iliyosahauliwa nyuma ya mlango, au iliyoachwa makusudi. Mpaka leo sijui. Nikamgusa paji la uso, nikamwambia, "Mama yupo hapa." Akanitazama kwa upole, kama mgeni anayekataa chai kwa adabu, akasema, "Namsubiri Dada."

Ana miaka minne.

Homa ilikwisha siku ya pili. Yalikuwa mafua tu. Lakini jibu lile halikwisha. Nimelibeba kwenye foleni ya mabasi ya mwendokasi, nimelibeba ofisini wakati wa kufunga hesabu za mwezi, na wiki tano zimepita nikijaribu kujieleza kwamba mtoto mwenye homa husema lolote. Sijafanikiwa kujishawishi.

Siku 84

Mama yeyote aliyeajiriwa hapa Tanzania anaijua namba hiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwanamke likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baba inampa siku tatu. Kliniki nayo inasisitiza mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita. Ukiondoa siku 84 kwenye miezi hiyo sita, zinabaki siku zinazokaribia mia moja, na hakuna anayekuambia uzitoe wapi. Ni kweli kwamba sheria hiyohiyo inamruhusu mama kunyonyesha kwa muda wa hadi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi, lakini ofisi yangu iko Posta, katikati ya Dar es Salaam, na nyumba yangu iko mbele kidogo ya Kimara, na kwa anayeijua Barabara ya Morogoro, saa mbili hizo zingenifikisha Ubungo na kunirudisha bila kumwona mtoto.

Siku ya 82 ndipo dada alipofika. Alitafutwa na mama mmoja wa jumuiya yetu mwenye ndugu Kilolo, mkoani Iringa. Nilituma nauli, akaja na begi moja dogo na kilo tatu za maharage ambazo sikuziagiza. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mimi thelathini na mmoja. Nikamketisha sebuleni na kumuuliza yale maswali ambayo sote huyauliza: Unajua kupika? Umewahi kukaa na mtoto mchanga? Una mtoto?

"Hapana, mama," akajibu lile la tatu.

Swali hilo, tukisema kweli, haliulizwi kwa nia ya kumfahamu mtu. Ni chujio. Mwenye mtoto, tunaambiana, atakuwa na safari nyingi, atakuwa na simu nyingi, moyo wake hautakaa kazini. Kwa hiyo jibu alilonipa ndilo nililokuwa nalitaka, nami nikalipokea jinsi mtu anavyopokea chenji kutoka kwa konda, bila kuihesabu.

Usiku wa kwanza mwanangu alipogoma chupa, dada ndiye aliyechukua kikombe na kijiko, akamlisha maziwa niliyoyakamua tone baada ya tone, akamweka begani na kumcheulisha kwa mkono usiotetemeka hata kidogo. Baba yake mtoto na mimi tulitazamana kwa furaha. Tumepata mtu!

Amejifunzia wapi, sikujiuliza.

Hatua nilizopewa zawadi

Kwa karibu miaka minne niliondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, mtoto akiwa amelala, nikarudi saa mbili usiku, mara nyingi akiwa amelala tena. Kati ya nyakati hizo mbili alikuwa na mtu wake. Nilianza kugundua kwamba mwanangu ana mambo ambayo hakuyatoa kwangu: anapuliza uji mara tatu kabla ya kuuonja, anavua viatu kwa kukanyaga kisigino kimoja kwa kingine, na Jumamosi moja asubuhi alikuja kitandani kwangu, akaniinamia usoni na kuniamkia, "Kamwene!" Ni salamu ya Kihehe. Mimi ni Mluguru, baba yake ni Mpare. Kihehe kiliingia nyumbani kwetu kwa mlango wa jikoni, kikashika nafasi ambayo Kiluguru changu hakijawahi kuishika.

Nilicheka. Baadaye, nikiwa nasuuza vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi, nikagundua kwamba nina wivu.

Wivu huo haukuwa na pa kwenda, kwa sababu dada hakunipa sababu ya kumchukia. Jioni moja, mtoto akiwa na miezi kumi na moja, nilifungua mlango nikakuta amemsimamisha katikati ya sebule. "Mama, kaa hapo hapo mlangoni, usivue hata viatu," akaniambia, "leo anataka kutembea." Akamwachia. Mtoto akapiga hatua nne na kuniangukia magotini. Nililia, nikampigia simu mama yangu, nikaandika tarehe kwenye kadi ya kliniki. Zaidi ya mwaka ulipita kabla jirani yetu hajaniambia, katika mazungumzo ya mambo mengine kabisa, kwamba mtoto alikuwa ametembea siku nne kabla ya jioni ile, uani, na kwamba dada alimsihi asiniambie.

Hatua zile nilipewa zawadi. Nimejiuliza mara nyingi ni mwanamke wa namna gani anayejua kwamba mama mwenzake anahitaji kudanganywa hivyo, na jibu, ambalo sasa linaonekana wazi mno, lilikuwa limekaa mbele yangu likikunja nepi.

Simu juu ya friji

Ilikuwa Jumapili mchana, miaka miwili na ushee tangu aje. Dada alikuwa nje akianika nguo, na simu yake ndogo ya vitufe ilikuwa inachajiwa jikoni, juu ya friji. Iliita, ikakatika, ikaita tena. Nikadhani ni dharura, nikaipokea. Kabla sijasema neno, sauti ya mtoto ikaniwahi.

"Mama, ndala zangu zimekatika."

"Umekosea namba, mwanangu," nikamjibu, tena kwa upole kabisa, nikakata.

Nikairudisha simu mahali pake. Nikamimina chai. Ndipo macho yangu yaliporudi kwenye kioo cha simu ile, nikaona kwamba namba iliyopiga ilikuwa na jina. Imehifadhiwa: Nyumbani.

Aliingia na beseni tupu kiunoni. Nilimwambia simu yake imeita. Akaiangalia, kisha akaniangalia mimi. "Umepokea, mama?" Nikasema nimepokea. Akaliweka beseni chini taratibu, kama lina maji, akasema, "Nisamehe, mama."

Aliniomba msamaha kwa kuwa amezaa.

Alinieleza yote akiwa amesimama, hakukubali kiti. Mtoto ni wa kike. Alimwacha akiwa na miaka miwili na nusu kwa bibi yake, akaondoka alfajiri mtoto akiwa amelala, kwa sababu bibi alisema ndivyo inavyouma kidogo. Baba wa mtoto alihamia Mbeya na hana habari naye. Kila nilipomtumia mshahara, zaidi ya nusu yake ilikuwa inavuka mlima wa Kitonga kwenda Iringa siku hiyohiyo kwa njia ya simu, na kila Krismasi nilipompa siku kumi za kwenda "kuwasalimia wazazi", siku mbili ziliishia barabarani na ya tatu mtoto alikuwa bado anajificha nyuma ya bibi, hamtambui.

Nilisema maneno mazuri. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, kazi yake ipo, na kuanzia siku hiyo apige simu nyumbani wakati wowote anaotaka. Nilijisikia mtu mwema, na nadhani nililala usingizi mzuri. Lile nililomwambia mtoto halikunijia usiku ule. Lilinijia miezi mingi baadaye, na lilipokuja halikuondoka: mtoto wa miaka minne, ambaye pengine alibembeleza siku nzima apewe simu, alimpata mama yake, na sauti ya mwanamke asiyemfahamu ikamwambia amekosea.

Alikuwa hajakosea namba.

Hesabu zangu mwenyewe

Mimi ni mhasibu, na kitu kikinisumbua hukiweka kwenye safu mbili. Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri. Mimi nilianza kumlipa 70,000, nikapandisha hadi 100,000, na baada ya simu ile ikawa 120,000. Nilikuwa najivunia namba hizo. Nilizitaja hata kwa wenzangu ofisini, wanapolalamika kwamba dada kakimbia bila kuaga, ili waone mimi nawezaje kukaa na mtu miaka yote hiyo.

Safu ya pili sikuiandika mpaka majuzi. Sheria niliyoifungulia ukurasa kwa ukurasa nikiwa mjamzito, ili afisa utumishi asinipunje hata siku moja kati ya zile 84, haikuandikwa kwa ajili ya wanaokaa maofisini peke yao. Inampa mwajiriwa siku 28 za likizo ya mwaka yenye malipo. Inaweka ukomo wa saa 45 za kazi kwa wiki. Dada aliamka saa kumi na nusu alfajiri kunichemshia maji ya kuoga, akalala baada ya kufunga geti, na kwa mwaka mzima nilimpa siku kumi, ambazo niliziita zawadi ya Krismasi. Ada ya chekechea ya binti yangu kwa muhula mmoja inazidi mshahara wake wa miezi minne. Michango ya hifadhi ya jamii, ambayo kwangu hukatwa kila mwezi na ningeandamana isipokatwa, kwake sikuiwaza hata siku moja.

Lakini hayo yote ni ya pesa na siku, na ya pesa na siku hurekebishika. Kuna moja ambalo silioni safu yake.

Ningeweza kumwambia: mlete mtoto.

Shule ya msingi ya serikali iko dakika kumi kutoka getini kwetu, na tangu elimumsingi bila ada ianze mwaka 2016 gharama yake ingekuwa sare na madaftari. Chumba cha karibu na jiko kingewatosha wawili, kama vyumba vingi vya mji huu vinavyowatosha wanne. Wazo lilinijia, sitadanganya kwamba halikunijia. Lilinijia usiku mmoja nikiwa macho, na nikalijibu haraka: nyumba ni ndogo, bibi atabaki peke yake, watoto watagombana, baba mwenye nyumba atasema. Hoja zote hizo zina ukweli ndani yake. Lakini chini ya zote palikuwa na hoja nyingine ambayo sikuitamka hata kwa mume wangu: mtoto wake akija, mikono ile haitakuwa ya mwanangu peke yake.

Khanga iliyobaki nyuma ya mlango niliinunua mimi, Kariakoo, nikaichagua kwa rangi. Usiku ule wa homa, nikiwa nimewasha taa kutafuta kipimajoto, ndipo niliposoma maandishi yake kwa mara ya kwanza: *Usisafirie nyota ya mwenzio.*

Mdogo wetu

Nilimpigia mama yangu Morogoro, nikitegemea anifariji. Wenzangu ofisini walikwisha kuniambia kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na kwamba mtoto atasahau baada ya mwezi. Mama hakuniambia hivyo. Alikaa kimya, kisha akauliza, "Wewe ulimsahau mdogo wetu?"

Mama alikuwa mwalimu, na katika miaka ya themanini na tisini nyumba ya mwalimu haikuwa na dada wa kazi. Ilikuwa na ndugu. Wetu alikuwa binamu yake mama, aliyeletwa kutoka Matombo akiwa amemaliza darasa la saba, na sisi watoto tuliambiwa ni mdogo wake mama. Alinibeba mgongoni mpaka nilipoona aibu. Hakulipwa mshahara. Alipoolewa, mama na baba walimnunulia cherehani ya Singer na kitanda, na mpaka leo hakuna harusi wala msiba kwetu ambao yeye hakai mstari wa mbele.

Nilimwambia mama kwamba huenda ule ulikuwa utaratibu bora: deni la ndugu haliishi, ila mshahara huliua deni kila tarehe 30. Nililipenda wazo hilo, lilikuwa na umbo zuri. Mama alilikata.

"Mdogo wetu alitaka kuwa nesi," akasema. "Aliniambia mara moja tu. Mimi nilikuwa na watoto watatu na vipindi thelathini kwa wiki. Nikamwambia tutaona mwakani."

Kisha akaniuliza kama binti yangu anakula vizuri.

Mbezi, saa kumi na moja na nusu

Dada aliondoka mwishoni mwa Desemba. Bibi wa mtoto alikuwa ameanza kuugua miguu, na mtoto alikuwa anaingia darasa la kwanza Januari. Aliniambia mwezi mmoja kabla, jambo ambalo wenzangu hawaliamini nikiwasimulia. Nilijaribu kumbakiza. Nilitaja 150,000. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama, nataka nimsuke mwenyewe nywele siku ya shule."

Nilimpeleka kituo cha mabasi cha Magufuli, pale Mbezi Luis, kuwahi basi la saa kumi na mbili asubuhi. Alikuja na begi moja. Sasa alikuwa na mawili na mfuko mmoja wa nguo za binti yangu zilizombana. Tulisimama kando ya basi tukizungumza habari za vitu vidogo: wapi alipoweka kifuniko cha sufuria kubwa, dawa ya minyoo inatolewa lini, mtoto asipewe mayai jioni. Alikuwa ananikabidhi mwanangu. Sina neno jingine la kile tulichokuwa tunafanya, na nadhani wote wawili tulilijua, kwa sababu hakuna aliyemtazama mwenzake.

Binti yangu hakuwepo. Tulikuwa tumemwacha amelala.

Hilo tulikubaliana, mimi na yeye, usiku wa kuamkia safari, jikoni, kwa sauti ya chini. Nani alilitamka kwanza sikumbuki. Tulisema kwamba ndivyo inavyouma kidogo.

Mgeni

Wiki iliyopita alikuja mwingine, kutoka Singida, ameletwa na mtu wa mtu. Mwezi wa majaribio, Jumapili yake ya mapumziko, siku 28 kwa mwaka. Yote nimeyaandika kwenye karatasi, tukatia saini wote wawili, na baba yake mtoto akanitania kwamba nimefungua kampuni. Nilimketisha palepale sebuleni. Nilikuwa nimejiandaa siku nzima jinsi ya kuliuliza lile swali la tatu, ili lisiwe chujio tena, na hata maneno nilikuwa nimeyapanga.

"Una mtoto?" nikamuuliza. "Nauliza tu ili nijue. Kama unaye si tatizo, tutaona namna."

"Sina, mama," akajibu, haraka, akiangalia zulia.

Nikarudia kwamba ningependa tu kujua. Akarudia kwamba hana. Ana miaka kumi na tisa, pengine hana kweli. Au pengine amekwisha kukaa kwenye makochi mengine ya mji huu, akasikia wanawake wengine wenye sauti nzuri wakisema si tatizo, na anajua vizuri kuliko mimi maneno hayo hugeuka nini ifikapo mwezi wa tatu.

Usiku wa kwanza binti yangu alimgomea. Wa pili akamruhusu amvue viatu.

Jana, Jumapili, baada ya chakula, nilimwona akichomoa simu yake kwenye chaja, akaangalia kushoto na kulia, akatoka uani mpaka nyuma kabisa, zilipo kamba za nguo, akasimama katikati ya mashuka. Dirisha la jiko lilikuwa wazi. Nikalifunga, nikafungulia redio, nikaongeza sauti.